Fremu ya Kifuniko cha Injini: Tutumie Chuma Gani?

Vikundi vya wavuvi huchanga pesa miaka mingi kununua injini ya mashua, halafu kifuniko chake hakipangiwi chochote. Fundi wa jua kali huitwa, naye hutumia chuma alicho nacho. Fremu hiyo ikioza na kukatika safarini inaweza kuangukia mkanda wa injini, nanyi mko mbali na nchi kavu.

Kwanza tuulizane: mashua iko maji gani? Ziwa Victoria halina chumvi. Huko chuma cha kawaida kinatosha, kikisuguliwa vizuri, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu na juu yake rangi ya mafuta. Hatuoni haja ya kutumia zaidi.

Lamu, Kipini au Vanga ni mambo mengine. Chumvi hupenya penye mkwaruzo na kula chuma chini ya rangi. Wengi huko hununua paipu za maji zilizopakwa zinki. Ni nzuri, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki, na kutu huanzia hapo hapo kwenye kiungo. Tena moshi wake humpa fundi homa na kutetemeka. Basi fungeni kwa viungo vya kukaza kama fundi bomba afanyavyo, kisha pakeni rangi ya zinki palipokatwa.

Alumini ni nyepesi, kama theluthi moja ya uzito wa chuma. Shida ni kwamba mashine ya kawaida ya jua kali haiichomelei vizuri. Inataka mashine ya gesi ya agoni. Ikifungwa kwa bolti za shaba au stenlesi, maji ya bahari yakiingia hapo, alumini ndiyo inayoliwa. Kateni vipande vya jerikeni kuukuu mviweke katikati, vyuma visigusane.

Stenlesi ndiyo bora, ila bei yake inauma. Ulizeni namba. 304 hupata madoa ya kutu baharini; 316 ina molibdeno, nayo huvumilia chumvi zaidi. Sumaku itawaonyesha chuma cha kawaida kilichong'arishwa tu, lakini haiwezi kutofautisha 304 na 316. Kwa hiyo dai namba hiyo iandikwe kwenye risiti.

Kikundi cha pwani chenye fedha kidogo, sisi tungesema kichukue paipu za zinki. Miguu ya fremu isikae ndani ya maji ya ngama, na iachwe nafasi ya hewa, maana injini ya dizeli isipopumua hupoteza nguvu.