Usafishaji wa kompyuta iliyoambukizwa virusi

Usafishaji wa kompyuta iliyoambukizwa virusi ni kazi ya kuondoa programu hasidi katika kompyuta, kuokoa mafaili ya mwenyewe, na kuirudisha mashine katika hali ya kuaminika tena. Mara nyingi kazi hii hufanywa na fundi wa mtaani, au na kijana wa ukoo anayesemekana "anajua kompyuta". Mjomba, shangazi au dada humletea kompyuta mpakato (laptopu) iliyokuwa nzito, inayofungua matangazo bila kuombwa, au inayokataa kuwaka.

Maambukizi yakiwa mepesi, programu ya kuzuia virusi huweza kutosha. Yakiwa makali, kitu cha kwanza kuokolewa si mashine bali ni mafaili. Mfumo wa uendeshaji na programu hupatikana tena, lakini tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za duka au picha za marehemu hazipatikani tena zikishafutwa. Kwa sababu hiyo utaratibu wa hatua una uzito mkubwa: anayeanza kwa kufomati diski amekwisha kuamua, pengine bila kujua, nini kitapotea.

## Aina za programu hasidi

Katika mazungumzo ya kawaida kila programu hasidi huitwa kirusi, lakini wataalamu hutofautisha aina kadhaa:

* Kirusi hujipachika ndani ya programu au faili lingine na kuenea kila linapofunguliwa.
* Mnyoo wa kompyuta hujisambaza wenyewe kupitia mtandao au flashi.
* Farasi wa Troia hujifanya programu ya manufaa, kumbe ndani yake mna madhara.
* Programu ya kudai fidia hufunga mafaili kwa usimbaji na kumtaka mwenyewe alipe ili yafunguliwe.
* Programu ya upelelezi hukusanya nywila na habari nyingine kwa siri.

Kompyuta iliyoambukizwa vikali huwa na aina zaidi ya moja, kwa sababu programu hasidi ya kwanza mara nyingi hufungua mlango kwa nyingine.

## Historia fupi

Mwaka 1982 mwanafunzi wa Marekani aitwaye Rich Skrenta, akiwa na umri wa miaka 15, alitunga Elk Cloner, kirusi kilichoenea kwa disketi za kompyuta za Apple II. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga Brain, kinachohesabiwa kuwa kirusi cha kwanza cha kompyuta za aina ya IBM PC. Ndani yake waliandika majina yao, anwani na namba ya simu.

Mtaalamu wa Marekani Fred Cohen alifanya majaribio ya virusi kuanzia mwaka 1983. Alithibitisha kwa njia ya hisabati kwamba haiwezekani kutunga programu moja itakayotambua virusi vyote bila kukosea. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa usafishaji, kama inavyoelezwa hapa chini.

Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi CIH, kilichotungwa Taiwan, kilifuta data za diski na katika baadhi ya kompyuta kiliharibu hata programu ya kuwashia iliyomo kwenye ubao mkuu. Mnyoo Conficker ulionekana Novemba 2008. Ulienea kupitia mitandao na flashi, na uliwazuia watumiaji kufungua tovuti za makampuni ya kuzuia virusi. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kudai fidia WannaCry ilisambaa kwa siku chache katika kompyuta zaidi ya 200,000 za nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali nyingi za Uingereza. Sasisho la kuziba tundu lililotumiwa lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi mwaka huohuo.

## Jinsi maambukizi yanavyoingia

Katika Afrika Mashariki njia iliyozoeleka ni flashi. Mwanafunzi huipeleka steshenari ili kuchapisha kazi yake, na flashi hiyo hiyo hurudi nyumbani ikiwa imeguswa na kompyuta iliyopokea flashi za watu wengi siku hiyo. Njia nyingine ni programu za kreki, yaani programu za kulipiwa zilizovunjwa ulinzi ili zitumike bure. Anayezisakinisha huambiwa azime kwanza kinga ya kompyuta, na hapo ndipo farasi wa Troia huingia. Viambatisho vya barua pepe na mfumo usiosasishwa ni njia nyingine.

## Dalili

Dalili za maambukizi makali ni pamoja na:

* programu ya kuzuia virusi kuzimika na kukataa kuwashwa;
* tovuti za usalama kutofunguka ilhali nyingine zinafunguka;
* folda kugeuka njia za mkato;
* mafaili kupata majina ya mwisho yasiyojulikana na kukataa kufunguka;
* kivinjari kuhamia kurasa ambazo mtumiaji hakuzitaka.

Hata hivyo si kila kompyuta nzito ina virusi. Vumbi katika feni, uhaba wa kumbukumbu na diski inayokaribia kufa huleta uzito pia. Diski ya kuzunguka inayotoa sauti ya kugonga-gonga haifai kuchunguzwa kwa saa nyingi, kwani huenda ikafa katikati ya kazi. Mafaili hunakiliwa kwanza.

## Hatua za usafishaji

### Kuitenga kompyuta

Kompyuta hutolewa kwenye Wi-Fi na nyaya za mtandao, na flashi zote huchomolewa. Lengo ni kuzuia programu hasidi isipeleke habari nje, isipokee amri mpya, wala isiambukize vifaa vingine vya nyumbani. Mwenye kompyuta huombwa asiingie tena benki au barua pepe kwa mashine hiyo.

### Kuokoa mafaili

Njia iliyo salama ni kuwasha kompyuta bila kuamsha mfumo wake wenyewe. Flashi yenye mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, hutayarishwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Kompyuta mgonjwa huwashwa kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Kwa kuwa Windows imelala, virusi vilivyomo ndani yake navyo havifanyi kazi. Mafaili hunakiliwa kwenye diski ya nje.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, unahitajika ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Ni vizuri kuutafuta kabla ya kugusa jambo lingine.

Hunakiliwa nyaraka, picha, sauti na video tu. Programu haziokolewi, wala mafaili yanayoishia na .exe, .scr, .bat, .vbs na .lnk. Kirusi kama Sality hujipachika katika mafaili ya .exe, hivyo programu moja iliyonakiliwa inaweza kurudisha ugonjwa wote. Tahadhari inahitajika kwa majina kama "picha.jpg.exe": Windows kwa kawaida huficha sehemu ya mwisho, na mtumiaji huona "picha.jpg" tu.

Kabla ya kuendelea, mwenye kompyuta huitwa athibitishe kwamba kila anachokihitaji kimo katika nakala. Watu husahau mafaili yaliyo nje ya folda za kawaida, kama vile data za programu ya uhasibu.

### Kuchunguza au kusakinisha upya

Kwa maambukizi mepesi, uchunguzi unaofanywa kabla Windows haijaamka hufaa zaidi kuliko ule wa kawaida. Microsoft Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows 10 na 11, ina uwezo huo.

Kwa maambukizi makali, njia ya kuaminika ni kufuta diski yote na kusakinisha mfumo upya, kazi ambayo mafundi wa Tanzania huiita "kupiga Windows". Sababu inatokana na kazi ya Cohen: programu ya kuzuia virusi ikisema "hakuna kilichopatikana", maana yake ni kwamba haikuona kitu, haina maana kwamba hakuna kitu. Tena, programu hasidi iliyokwisha kuitawala mashine inaweza kubadilisha mipangilio, kuzima kinga na kuacha mlango wa nyuma. Hakuna orodha kamili ya yaliyoguswa.

Flashi ya kusakinishia Windows huhitaji nafasi ya angalau GB 8, na hutengenezwa kwa kompyuta safi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Kompyuta mpakato zilizouzwa na Windows 8 au toleo la baadaye kwa kawaida huwa na leseni ndani ya ubao mkuu, hivyo mwenyewe halazimiki kununua nyingine. Kutumia nakala ya kreki katika hatua hii ni kuosha nguo kwa maji machafu.

Microsoft iliacha kusaidia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kupewa Linux, ambayo haina gharama, iwapo mwenyewe hahitaji programu zilizotungwa kwa ajili ya Windows pekee.

### Kurudisha mafaili na kubadili nywila

Mfumo mpya husasishwa kwanza, kisha nakala huchunguzwa kabla ya kurudishwa. Nywila hubadilishwa zote, kwa sababu zilizotumika kwenye kompyuta iliyoambukizwa zinahesabiwa kuwa zimeibwa. Barua pepe hutangulia, kwani ndiyo inayotumika kurudisha nywila za akaunti nyingine. Hufuata benki na mitandao ya kijamii. Anayehofia kuibiwa hata sasa hubadilisha nywila mara moja kwa simu au kompyuta nyingine iliyo safi, bila kungoja usafishaji kumalizika.

## Folda zilizogeuka njia za mkato

Tatizo hili huwatia watu wengi hofu bure. Mtu hufungua flashi na kukuta njia za mkato tu, akadhani kazi yake imefutwa. Kisha huifomati na kuipoteza kweli. Mara nyingi mafaili yapo, ila yamefichwa kwa kupewa alama za "fichwa" na "ya mfumo". Katika Linux huonekana bila shida. Katika Windows iliyo safi, amri ifuatayo huondoa alama hizo, ikiwa flashi imepewa herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Baada ya hapo njia za mkato za uongo hufutwa bila kubofywa, kwa kuwa kila moja huita kirusi kabla ya kufungua folda.

## Mafaili yaliyofungwa ili kudai fidia

Kuondoa programu ya kudai fidia hakufungui mafaili iliyoyafunga. Kulipa hakuna dhamana yoyote, na humpa mhalifu mtaji. Mwaka 2016 polisi ya Uholanzi, Europol na makampuni ya Kaspersky na Intel Security walianzisha mradi wa No More Ransom, unaotoa bure zana za kufungulia mafaili yaliyofungwa na baadhi ya programu hizo. Kwa zile ambazo hazina ufumbuzi bado, mafaili yaliyofungwa hutunzwa kwenye diski ya kando, kwani funguo huenda zikapatikana baadaye. Anayefomati kwa hasira hujinyima nafasi hiyo.

## Haki na siri za mwenye kompyuta

Udugu haumpi anayetengeneza ruhusa ya kusoma barua wala kutazama picha za mwenye kompyuta. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 na sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2018 zinakataza kuingia katika mfumo au data za mtu bila idhini. Desturi njema ni kukubaliana mapema nini kitaguswa, kumwachia mwenyewe aandike nywila zake kwa mkono wake, na kumrudishia nakala zote kazi inapokwisha.

Aibu nayo huharibu kazi. Mtu mzima aliyepata maambukizi kwenye tovuti asiyopenda kuitaja, au kwa kumwamini tapeli, huweza kuficha yaliyotokea, na mtengenezaji akakosa habari ya kwamba nywila ya benki iliandikwa mahali pabaya. Kuuliza bila kulaumu husaidia kujua akaunti zipi zilindwe kwanza.

## Kinga

Kinga kubwa ni nakala rudufu. Kanuni inayofundishwa sana ni ya 3-2-1: nakala 3 za kila faili muhimu, katika aina 2 za vifaa, na 1 ikae mahali pengine, kwa mfano nyumba ya ndugu au hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nakala huchomolewa ikishamaliza kazi, kwa sababu programu ya kudai fidia hufunga pia diski inayoikuta imechomekwa.

Mengine ni kusasisha mfumo, kuepuka kreki, kutumia akaunti ya kawaida badala ya ya msimamizi, na kuchunguza flashi kila inaporudi kutoka steshenari. Kwa uchapishaji, kutuma kazi kwa barua pepe badala ya kubeba flashi huondoa hatari ya kirusi kurudi nyumbani.