Ngozi ya uso: kipi kitangulie?

Je, msomaji, unapanga kutoka Kikima kwenda Nairobi ili udungwe jeli ya kujaza mashavu na ukazwe ngozi kwa mawimbi ya sauti? Usikubali yote mawili yafanywe kiholela. Mawimbi hayo hupasha joto nyama iliyo chini ya ngozi, hadi kina cha milimita 4.5, kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Yakipitishwa juu ya jeli huenda yakaiharibu. Ndiyo sababu madaktari wengi hutanguliza mawimbi, wakangoja wiki kadhaa uvimbe uishe, ndipo wakadunga. Ikiwa tayari una jeli, taja aina yake na siku uliyodungwa.

Lakini cha kuogopwa zaidi ni sindano. Jeli ikiziba mshipa wa damu, ngozi hupauka na kuuma, na jicho laweza kupofuka. Ile ya asidi ya hayaluroniki huyeyushwa kwa dawa iitwayo hayaluronidesi. Jeli za aina nyingine haziyeyuki kwa dawa hiyo. Kabla ya kulipa, uliza kama dawa hiyo ipo papo hapo, na kama daktari amesajiliwa. Saluni si mahali pake. Wala usipande matatu ya kurudi Mbooni jioni hiyo hiyo, kwani dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa.