Mtoto anasikia lugha, lakini hajibu

Wengi wetu tunaotoka Kinsevere kwenda Lubumbashi tumekwisha kuona sinagogi ya Wayahudi katikati ya mji. Inasimama pale tangu miaka ya 1930, wakati mji uliitwa Elisabethville. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua lugha ya mama waliosali humo.

Wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 kwa ajili ya dini yao. Waliacha nyumba na mali, lakini Kihispania chao walikibeba. Ugenini wakakichanganya na maneno ya Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, kikawa lugha yao wenyewe, inayoitwa Ladino. Miaka 400 ilipita, na mama wa Rhodes walikuwa wangali wanabembeleza watoto kwa lugha hiyo. Vijana wao walipokuja Katanga kufanya biashara, wakaileta huku.

Yiddish ni dada yake. Wayahudi wa Ulaya waliijenga juu ya Kijerumani, wakatia Kiebrania na lugha za Kislavi, wakaiandika kwa herufi za Kiebrania. Wenyewe waliiita mame-loshn, maana yake lugha ya mama. Mjane mmoja wa Ujerumani, Glückel wa Hameln, alianza mwaka 1691 kuandika maisha yake kwa Yiddish, ili watoto wake wajue walikotoka.

Halafu vita ikaja. Mwezi wa saba mwaka 1944 Wanazi walichukua Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliobaki hai hawakufika 200. Wasemaji wa Yiddish waliuawa kwa mamilioni. Lugha hizo mbili zikapoteza mama na watoto pamoja.

Leo watu wanazitafuta darasani. Taasisi ya YIVO, huko New York, ina masomo ya Yiddish ya majira ya joto tangu 1968. Mwanzo una njia yake: herufi, salamu, hesabu. Ugumu uko katika hatua ya kati. Mwanafunzi anasoma hadithi fupi na anasikia wimbo, lakini akitaka kutania, kukaripia mtoto ao kufariji mgonjwa, maneno hayaji. Kwa hiyo hatua hiyo inahitaji nyimbo, mithali, barua za zamani, hata mapishi. Mtu mzima analipa ili apate kile ambacho mama alikuwa anatoa bure jikoni.

Na sisi je? Watoto wetu wako hapo hapo katikati. Bibi akisema Kilamba, Kisanga ao Kibemba, mtoto anasikia. Akiulizwa, anajibu kwa Kiswahili ao Kifaransa. Hatulaumu Kiswahili, ndicho kinatuunganisha, na Kifaransa ni cha masomo. Lakini mtoto anayesikia bila kujibu, atamwachia nini mtoto wake? Mama wa Rhodes walilinda lugha yao ugenini miaka 400. Sisi tuko kwetu. Tukiipoteza yetu, tutakuwa tumeiacha kwa mikono yetu wenyewe.

Tuanze wiki hii. Tukisonga bukari ao kutwanga sombe, tumtajie mtoto kila kitu kwa lugha ya bibi, naye arudishe. Jioni moja bibi atoe hadithi, kisha mtoto aisimulie tena kwa lugha ile ile. Akikosea tusimcheke, maana mtoto anayechekwa hunyamaza. Na kijana anayejua kuandika aweke mithali za bibi katika daftari, bibi angali hai.

Kwenye mkutano wetu ujao, kila mama aje na mtoto mmoja na mithali moja. Mtoto ndiye ataitamka.