Fisi Afungua Studio Kibondo

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea.

Hapo zamani za juzijuzi, Fisi alifungua studio Kibondo mjini. Alihariri video za harusi na kutengeneza katuni. Wateja walimjia kutoka Kitahana, Kakonko, hata Kasulu. Tamaa ikamshika. Akanunua kompyuta iliyotumika, kisha akaagiza kadi kubwa ya michoro, RTX 4090. Kadi hiyo iliingia sokoni Oktoba 2022, mwezi uleule ambao mkoa wa Kigoma, uliozoea ngurumo za jenereta za dizeli, uliunganishwa na gridi ya Taifa.

Lakini kila Fisi alipoanza kazi nzito, kompyuta ilizimika pu!

"Umeme umekatika tena!" alifoka.

Sungura, fundi wa mtaa, akatazama juu. "Kaka Fisi, mbona taa inawaka?"

Fisi kimya.

Sungura akafungua kompyuta, akamwonyesha kibandiko kwenye pawa saplai, lile sanduku linalopokea umeme wa ukutani na kuwagawia wote waliomo ndani. Kiliandikwa wati 500. "Kadi yako peke yake hula mpaka wati 450. Vingine vyote, tuseme 200. Jumla 650. Sanduku limezidiwa, likajizima lisiungue."

Sasa wanangu, tegeni sikio, maana hapa ndipo penye utamu. Wati ni volti mara ampea. Volti zikipungua, ampea huongezeka ili kazi ibaki ileile. Laini kubwa za usambazaji mnazoziona kwenye nguzo hubeba volti 33,000. Humo wati 450 za Fisi hazifiki hata sehemu moja ya hamsini ya ampea. Kwenye soketi ya volti 230, zinakuwa kama ampea 2. Pawa saplai ikizishusha hadi volti 12, zinakuwa ampea 37.5! Ampea ndizo zinazopasha waya moto. Kwa hiyo umeme huo husafiri mamia ya kilomita bila shida, halafu unakuja kupata taabu kwenye nusu mita ya mwisho, ndani ya kompyuta.

Ndiyo maana tundu ambamo kadi huchomekwa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, limewekewa kikomo cha wati 75. Zinazobaki lazima zipite kwenye nyaya za pembeni, na kila plagi ya pini nane imeruhusiwa wati 150. Tatizo hili si la jana. Mwaka 2000 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilibuni kadi ya Voodoo 5 6000 yenye chipu nne. Kwa njaa yake ikatengenezewa kisanduku cha umeme cha peke yake, cha kuchomekwa ukutani. Kadi hiyo haikuwahi kufika madukani. Mwaka huohuo kampuni ikaanza kuuza mali zake kwa mshindani wake, Nvidia.

Turudi kwa Fisi. Aliposikia maneno ya Sungura akacheka. "Kumbe rahisi! Ninayo pawa saplai nyingine ya wati 650." Akaichomeka ukutani. Kimya. Akachukua pini ya karatasi, akagusanisha waya wa kijani na mweusi. Feni ikazunguka! "Umeona?"

"Nimeona," akasema Sungura. "Waya wa kijani ndio unaopokea amri ya kuwaka. Wewe umeiamuru iwake muda wote, hata kompyuta ikiwa imezimwa. Wanaobeba mgonjwa kwa machela hunyanyuka pamoja na kutua pamoja. Mmoja akitangulia, mgonjwa ataporomoka."

Akatoa kibao kidogo cha kuunganisha. Sanduku la kwanza likiwaka, kibao kinaliamsha la pili. Likizimika, la pili linazimika nalo. Kibao hichohicho kinakutanisha nyaya nyeusi za masanduku yote mawili, ili volti 12 za huku na za kule zipimwe kutoka sifuri moja.

Kisha Sungura akaweka masharti. Sanduku la kwanza lilishe mazabodi na vingine. La pili lilishe kadi, kwa nyaya tatu za pini nane. Nyaya za kadi moja zisichanganywe kutoka masanduku mawili. Plagi isukumwe hadi mwisho, kwani iliyolegea huweza kuyeyuka kwa joto. Na sanduku lenyewe lisifunguliwe kamwe: kapasita za ndani hubaki na umeme hata baada ya kulichomoa ukutani.

"Ukipata hela," akaongeza, "nunua moja ya wati 1,000, haya mawili uyauze."

Fisi akawasha. Video ya harusi ikaenda hadi mwisho bila kukatika. Je, aliridhika? Fisi huyu? Jioni akarudi mbio kwa Sungura.

"Nataka kadi ya pili kama ile! Nimepiga hesabu: 450 mara mbili ni 900, jumlisha 200 ni 1,100. Masanduku yangu yana 1,150. Zinabaki hamsini!"

Sungura akatikisa kichwa. Jumla ya Fisi ni sahihi kabisa, lakini kadi ya pili haitawaka salama. Haya, chukueni kalamu, mgawanye mzigo huo kwa masharti ya Sungura, kisha mniambie Fisi kakosea wapi.