Wanaouona Mwanzo: Walimu wa Chekechea wa Bulembia

Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, magharibi mwa Uganda, na mgodi wa Kilembe ukaanza kutoa shaba. Bonde la mto Nyamwamba likajaa nyumba za wafanyakazi. Mgodi ulisimama mwaka 1982, lakini nyumba zilibaki na watu hawakuhama wote. Leo bonde hilo limo katika tarafa ya Bulembia. Kuna wazazi wanaopanda milimani kulima kahawa na mihogo, na wengine wanaoshuka mjini kuchuuza. Kabla hawajaondoka asubuhi, watoto wao wadogo huwaacha mikononi mwa mwalimu wa chekechea.

Hao ni watoto wa miaka 3 hadi 6, wa madarasa ambayo wazazi wa Uganda huyaita Beibi, Mido na Topu. Anayepita nje akasikia nyimbo na makofi anaweza kudhani wanapotezewa muda. Sivyo. Mtoto anayepanga visoda kumi juu ya mkeka anasoma hesabu. Anayefinyanga udongo anavikaza vidole vitakavyoshika penseli, na anayengoja zamu yake ya kurukia kamba anajifunza kuishi na wenzake. Ubongo wa binadamu hufikia takriban asilimia 90 ya ukubwa wake wa utu uzima mtoto akiwa na miaka 5 tu, kwa hiyo kinachofanyika juu ya mkeka ule si cha kupuuzwa.

Malipo makubwa ya kazi hii yako hapohapo. Mwalimu wa sekondari humpokea kijana ambaye wengine wamekwisha kumfundisha kusoma, kuuliza na kusikiliza. Wa chekechea huuona mwanzo wenyewe. Mtoto aliyeng'ang'ania gauni la mama yake siku nyingi akilia, asubuhi moja anaachia na kukimbilia wenzake. Aliyekuwa bubu darasani anasimama, anataja jina lake na jina la kijiji chake, na darasa zima linampigia makofi. Mwalimu aliyeyaona hayo hahitaji kuambiwa kwamba kazi yake ina maana.

Kazi hii inadai pia heshima kwa mtoto, na katika mji wa Bwera, mpakani mwa Kongo, jambo hilo huonekana waziwazi. Mtoto anatoka nyumbani na Lhukonzo, na karibu na mpaka wa Mpondwe anasikia Kiswahili cha wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kasindi, Kongo. Wazazi wengi wanataka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mwalimu mzuri huanza na lugha ambayo mtoto huilia na kuichekea, kisha humvusha polepole. Hata mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo. Itakuwa ajabu mtoto mdogo zaidi anyimwe haki hiyo.

Uvumilivu wa walimu hawa ulipimwa vibaya mwaka 2020. Mwezi Machi shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi Mei Nyamwamba ilifurika, kama ilivyofanya Mei 2013, ikabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Shule zilifunguliwa tena kikamilifu Januari 2022, karibu miaka miwili baadaye. Kwa kuwa chekechea nyingi huendeshwa kwa ada za wazazi, mlango ulipofungwa mshahara nao ulikatika. Kote nchini walimu walijitafutia riziki mashambani na sokoni, na wengine hawakurudi. Waliorudi walikuta watoto wa miaka 6 ambao hawajawahi kuketi darasani hata siku moja, wakaanza nao upya.

Mapenzi ya kazi, hata hivyo, hayanunui unga. Serikali ya Uganda huwalipa walimu wa shule zake za msingi, lakini chekechea imeachiwa wazazi, makanisa, misikiti na watu binafsi. Wakati huohuo Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 inataka mwalimu wa kila ngazi, wa chekechea akiwemo, awe na shahada. Nia ni njema, kwa sababu watoto wadogo wanastahili walimu waliosoma vizuri. Lakini mwalimu anayelipwa kwa ada zinazochelewa atasomea shahada kwa fedha gani? Anayedai shahada hana budi kuwaingiza walimu hawa katika orodha ya mishahara ya umma na kuwagharimia masomo.

Wakati hilo likisubiriwa, mzazi wa Bulembia na wa Bwera alipe ada kwa wakati. Tena siku moja asikimbilie shambani moja kwa moja. Aingie darasani, akae saa nzima, amtazame mwalimu wa mwanawe akifanya kazi.