Kichocho: Jina Moja, Maradhi Mawili

Neno likisafiri kutoka pwani hadi bara huchukua pamoja nalo mazingira ya kwao. Mfano mmoja ni neno kichocho. Kwa msemaji wa Unguja na wa mwambao, kichocho ni kukojoa damu, nayo ni sawa, kwa kuwa minyoo ya huko hukaa katika mishipa ya kibofu. Bali kandokando ya Ziwa Viktoria, katika mkoa wa Kagera na mikoa jirani, namna iliyoenea ni nyingine. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya matumbo, na mayai yake hutoka kwa choo kikubwa. Mgonjwa huumwa na tumbo na kuhara, pengine na damu. Na asipopata dawa kwa miaka mingi, ini na bandama huvimba, na tumbo hujaa maji.

Hata wataalamu walichanganywa na jina moja. Theodor Bilharz aliiona minyoo hii Cairo mwaka 1851, lakini ubishi wa kuwa ni ugonjwa mmoja au miwili haukukatika mpaka mwaka 1915, Robert Leiper alipothibitisha huko Misri kuwa ni miwili, na kwamba kila mmoja una konokono wake. Yule wa kichocho cha tumbo ana gamba bapa, lililojiviringa kama kamba iliyokunjwa chini.

Tuyatazame haya katika Karagwe, na katika Kyerwa iliyotengwa nayo mwaka 2012. Mkazi wa Kayanga, Omurushaka au Nkwenda akiambiwa ajihadhari na "magonjwa ya maji", huelewa kwamba achemshe maji ya kunywa. Shauri hilo ni jema kwa amiba na vijidudu vingine viingiavyo kwa kinywa, hasa pale choo kinapochimbwa karibu na kisima, au mvua inapotiririsha uchafu wa mji uliojaa watu mpaka chemchemi ya bondeni. Lakini kichocho hakingoji mtu anywe. Viluwiluwi vyake vitokavyo katika konokono hupenya ngozi kwa dakika chache tu, mtu akiwa anaoga, anafua, anavua samaki au anavuka kinamasi. Basi mtu aweza kuchemsha kila tone alinywalo, na bado akaambukizwa ziwani.

Kwa hiyo neno "maji" laficha milango miwili, kinywa na ngozi, na neno "kichocho" laficha dalili mbili. Anayengoja damu katika mkojo aweza kuona damu katika choo, akadhani ni kuhara damu kwa kawaida, asiende kupimwa choo. Na dawa ipo: prazikwanteli huponya namna zote mbili.

Yafaa basi waandishi, walimu na waganga waseme kwa ukamilifu: kichocho cha mkojo na kichocho cha tumbo. Yafaa pia waseme wazi kwamba maji ya kunywa huchemshwa. Kwamba maji ya kuoga yaliyotekwa ziwani yawekwe siku mbili bila konokono, viluwiluwi vife. Na kwamba choo ndicho kizuizi cha kwanza, maana yai lisilofika majini halimpati konokono. Lugha iliyo sahihi haiponyi mtu, lakini humwelekeza mgonjwa kwenye kipimo kinachomfaa.