Wageni wa Anga kwenye Karatasi ya Manila

Karatasi moja ya A4, ile ya ofisini ya gramu 80, ina uzito wa gramu 5. Hesabu yake ni nyepesi: A0 imepimwa iwe na eneo la mita moja ya mraba, A4 ni sehemu ya 16 ya A0, na 80 ukigawanya kwa 16 unapata 5. Ukiipanga vizuri, karatasi hiyo moja hutoa visanamu zaidi ya 20: marubani wa vyombo vya anga, roboti, wachuuzi wa sayari za mbali, na viumbe ambao bado hawajapewa jina. Kuvifanya visimame mezani, vikae kwa vipimo, na kila kimoja kiwe tofauti na mwenzake ni kazi yenye fizikia na hesabu nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Michezo inayovitumia ni michezo ya uhusika. Watu wanne au watano huketi mezani, kila mmoja akiwa mhusika katika hadithi wanayoitunga pamoja. Mmoja wao, msimulizi, huendesha ulimwengu wenyewe na wote waliomo, na dadu huamua mambo yasiyo na hakika. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye Marc Miller na wenzake wa Game Designers' Workshop, kampuni ya mji wa Normal katika jimbo la Illinois, walitoa Traveller, mchezo wa safari za anga uliokuja na vijitabu vitatu vyeusi. Humo sayari nzima hufupishwa kwa mstari mmoja wa tarakimu na herufi: ukubwa, hewa, maji, idadi ya watu, serikali. Tarakimu ya ukubwa hueleza kipenyo kwa maelfu ya maili, na Dunia yetu ni 8. Tutairudia tarakimu hiyo.

Bunduki zikianza kulia katika ghala la kituo cha anga, kila mchezaji anataka kujua nani yuko nyuma ya kreti na nani yuko mlangoni. Hapo ndipo visanamu vinapohitajika. Vya chuma na vya plastiki vinapendeza, lakini kwa bunilizi za kisayansi naona karatasi inavishinda, na sababu si bei peke yake. Katika hadithi za mapanga na ngome, askari mmoja mwenye ngao anaweza kutumika kama askari kumi tofauti. Katika hadithi za anga kila sayari ina viumbe wake, kila chombo kina sare zake, na kiumbe aliyebuniwa usiku wa kuamkia mchezo hana kiwanda kilichomtengenezea kalibu. Karatasi inaweza kumleta mezani kesho yake asubuhi.

Wazo lenyewe ni kongwe. Kiwanda cha Pellerin cha Épinal, Ufaransa, kilichoanzishwa mwaka 1796, kilipata sifa kwa kuchapa karatasi za picha, zikiwamo za askari wa kukata na kusimamisha. H. G. Wells, mwandishi yuleyule aliyewaleta wavamizi kutoka Mars katika riwaya yake ya 1898, mwaka 1913 alitoa kitabu cha kanuni za vita vya vinyago, Little Wars. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Steve Jackson Games ya Texas iliuza Cardboard Heroes, visanamu vya karatasi ngumu vilivyochorwa na Denis Loubet, na seti za Traveller zilikuwamo. Kasoro yake ilikuwa moja: ulichonunua ndicho ulichokuwa nacho. Kama rubani alichorwa na bastola, basi bastola ataishika maisha yake yote.

Kasoro hiyo iliondolewa na tabaka. Mwaka 2003 toleo la 1.5 la mfumo wa PDF liliruhusu faili moja kuwa na tabaka za picha ambazo msomaji huziwasha na kuzizima mwenyewe. Mchoraji huchora mwili mtupu kwenye tabaka la chini, juu yake miguu na suruali, juu yake koti, kisha kichwa, kisha kitu cha mkononi. Anayechapa huchagua. Tuseme una vichwa 6, mavazi 5, aina 4 za miguu, vitu 8 vya kushika na rangi 5 za ngozi. Umechora michoro 23 tu na kuchagua rangi 5, lakini ukizidisha 6 kwa 5 kwa 4 kwa 8 kwa 5 unapata viumbe 4,800. Ongeza kichwa kimoja, chenye macho manne kwa mfano, na umeongeza viumbe 800 kwa kazi ya jioni moja. Ndiyo maana mchoraji mwenye akili hujifunga kanuni mapema: shingo zote zikae mahali pamoja, mabega yote yawe na upana mmoja, na kila kiganja kishike kitu kwa pembe ileile. Akikosea hapo, kofia ya chuma itaelea juu ya kichwa.

Kuna jambo la nyongeza ambalo wanaoanza hawalioni mpaka wakate. Kisanamu kina mbele na nyuma, na pande hizo mbili huchapwa kwenye ukanda mmoja unaokunjwa utosini. Umbo la nje la mgongo lazima liwe kivuli kamili cha umbo la mbele, kama kwenye kioo, la sivyo mkasi utakata bunduki upande mmoja na kuacha kipande cheupe upande wa pili. Kwa hiyo kila tabaka lina nusu mbili zinazowashwa na kuzimwa pamoja. Programu kadhaa za kusoma PDF, hasa za simu, haziruhusu kuchezea tabaka. Ni salama kuandaa ukurasa kwenye kompyuta, ama kuchora mwenyewe kwa Inkscape, programu ya bure ambayo michoro yake haiharibiki ukiikuza.

Sasa vipimo. Wachezaji wengi hutumia ubao wa miraba ya inchi moja, yaani milimita 25.4, na mtu wa kawaida huwa na kimo cha milimita 30 hivi. Mtu wa mita 1.7 amepunguzwa karibu mara 57. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, kimo hicho kizima kina nukta 354 tu, na uso wa milimita 4 una nukta 47 hivi. Kope na mikunjo ya ngozi havitaonekana. Mistari minene na rangi zinazopishana ndizo zinazoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Faili nyingi za michezo hii hutoka Marekani, ambako karatasi ya kawaida ina upana wa milimita 215.9, wakati A4 tunayoitumia Afrika Mashariki ina milimita 210. Mashine ikiachiwa iubane ukurasa uenee, hupunguza picha hadi asilimia 97, na mraba wa milimita 25.4 unakuwa 24.7. Kwa kisanamu kimoja huoni tofauti. Kwa sakafu ya chombo cha anga yenye miraba 20, umepoteza milimita 14, na vipande ulivyochapa jana havikutani na vya leo. Mwambie anayekuchapia steshenari aweke asilimia 100, naye asikubali mashine ijiamulie.

Turudi kwenye ile tarakimu ya ukubwa wa sayari. Kama mwamba wa sayari mbili una uzito uleule kwa ujazo, nguvu ya uvutano juu ya uso wake hufuata kipenyo. Sayari yenye tarakimu 4 ina nusu ya uvutano wa Dunia. Galileo, katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1638, alieleza kwamba mfupa hubeba mzigo kulingana na eneo la mkato wake, si kulingana na urefu. Mkazi wa sayari hiyo, mwenye mwili kama wetu, ana nusu ya uzito wetu, hivyo nusu ya eneo la mkato wa mguu inamtosha. Eneo likipungua kwa nusu, upana hupungua hadi asilimia 71. Mguu uliochorwa kwa milimita 4 unakuwa na milimita 2.8. Asilimia hiyo 71 ndiyo iliyopo kwenye mashine ya fotokopi ya kupunguza A3 kuwa A4, kwa kuwa uwiano wa pande za karatasi hizi ni kipeuo cha pili cha 2, uwiano ambao mwanafizikia Mjerumani Lichtenberg aliuandikia barua mwaka 1786. Tabaka la miguu, basi, si pambo. Miguu minene, ya kawaida na myembamba inaweza kupangwa kufuata sayari alikotoka kiumbe, na mchezaji makini akimtazama tu atajua kama mgeni huyu ataweza kumkimbiza duniani kwetu.

Lakini miguu miwili ya milimita 2.8 haisimami kwa karatasi. Hapo fizikia ya hadithi inagongana na fizikia ya meza. Dawa inayotumika ni kutokata nafasi kati ya miguu: inajazwa rangi nyeusi, na jicho huizoea haraka.

Karatasi yenyewe inastahili kueleweka. Ugumu wake dhidi ya kupinda hufuata unene kipeo cha tatu, hivyo unene ukizidi mara 2, ugumu huzidi mara 8. Hata hivyo, hilo hutokea tu ikiwa pande mbili za ukanda zimegandishwa kote. Zikiachwa bila gundi, zinateleza moja juu ya nyingine, na ugumu unakuwa mara 2 tu. Gundi imeongeza mara 4 bila kuongeza karatasi. Kama kisanamu bado kinalegea, kikunje kidogo sana katikati kutoka utosini hadi chini, na kitakuwa kigumu kwa sababu ileile inayolifanya bati la migongo libebe mtu kwenye paa wakati bati tambarare linabonyea.

Nyuzinyuzi za selulosi pia zina mwelekeo. Mashine ya kiwandani huzilaza kufuata njia karatasi inakopita, na karatasi hushindana zaidi na kupinda kwa upande huo. Ili kujua, kata mraba mdogo na uloweshe uso mmoja. Utajiviringisha, na bomba linalotokea linalala sambamba na nyuzi. Kisanamu kinasimama imara nyuzi zikiwa wima, ila mkunjo wa utosini sasa unazikata nyuzi hizo na karatasi inapasuka manyoya. Hapa nachagua uimara, kisha napitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula kwenye mstari wa mkunjo, mara mbili, kwa nguvu ya wastani. Nyuzi zinalainika na mkunjo unatoka safi.

Kwa wakazi wa pwani, Tanga, Mombasa au Unguja, adui mkubwa ni unyevu. Nyuzi zikinywa maji hunenepa kwa upana zaidi kuliko zinavyorefuka, na kisanamu kilichosimama wima asubuhi jioni kinakuwa kimeinama. Gundi nyeupe ya maji huongeza tatizo. Gundi ya stiki ni bora, na kazi ilale usiku kucha chini ya vitabu vizito. Wino wa printa za maji huchuja ukiguswa na vidole vyenye jasho. Unga wa printa ya leza ni plastiki iliyoyeyushwa kwa joto, hauchuji, lakini hupasuka kwenye mkunjo na unahitaji kuguswa na maka peni nyeusi. Pitisha peni hiyo kwenye kingo zote zilizokatwa, maana ukingo mweupe, hata wa robo milimita, huonekana kabla ya picha.

Limebaki suala la kusimama. Ukanda wa manila wa gramu 200 kwa mita ya mraba, wenye upana wa milimita 25 na urefu wa 60, una uzito wa gramu 0.3. Ukikunjwa utosini, kitovu cha uzito wake kiko milimita 15 juu ya meza. Kwenye kitako chenye upana wa milimita 20, utauinamisha digrii 34 tu kabla haujaanguka. Gundisha chini yake washa ya chuma ya gramu 3, ile ya kuwekwa chini ya nati: kitovu kinashuka hadi karibu milimita 2.3, sasa unaweza kuinamisha digrii 77, na nguvu inayohitajika kukiangusha imeongezeka mara 11. Feni ya dari haikisumbui tena.

Anayetaka jitu la sentimita 6 asilikuze tu kwa fotokopi na kuliacha kwenye karatasi ileile. Hesabu ya vitu vyembamba vilivyosimama huonyesha kwamba kimo kikizidi mara 2, unene unapaswa kuzidi karibu mara 3 ili ukaribu wake na kulegea kwa uzito wake ubaki uleule. Boksi la viatu linatosha kuwa uti wa mgongo wa jitu hilo.

Ukiamua kuanza, chora pembeni mwa ukurasa wako wa kwanza mstari wa sentimita 10 kamili, chapa nakala moja kwa karatasi ya bei rahisi, na uupime kwa rula kabla hujalipia manila.